Dawa ya Deni ni Kulipa, Isipokuwa kwa Benki

Wiki kadhaa zilizopita, katika semina ya historia ya uchumi, mwanafunzi mmoja aliniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri siku ile. Tulikuwa tukisoma habari za mwaka 1837, pale benki za Marekani zilipokataa kuwalipa watu fedha zao. "Mwalimu," alisema, "mimi nikikopa nikashindwa kulipa, naitwa mdaiwa sugu na dhamana yangu inauzwa. Benki ikishindwa kulipa, inaitwaje?" Darasa lilicheka. Nikamjibu kwa istilahi: inasemwa kwamba benki imesimamisha malipo. Alikaa kimya, lakini usoni ilionekana wazi kwamba hakuridhika. Nami nilipofika nyumbani nikagundua kwamba sikuridhika pia. Makala haya ndiyo jibu ninalodaiwa.

Kwanza tuelewane kuhusu noti yenyewe. Katika Marekani ya kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe hapakuwa na noti ya taifa kama tuijuavyo leo. Kila benki iliyopewa hati na jimbo lake ilitoa noti zake, na juu ya kila noti iliandikwa ahadi: atakayeileta dirishani atapewa sarafu za dhahabu au fedha zenye thamani hiyo hiyo, papo hapo. Noti ilikuwa hati ya deni, na mdaiwa alikuwa benki. Nayo benki iliweka sandukuni sarafu chache kuliko noti ilizotoa na amana ilizopokea, ikitumaini kwamba wadai wake wote hawatakuja siku moja. Siku walipokuja wote, ilikuwa na njia mbili: kulipa mpaka sanduku likauke, au kutangaza kwamba kuanzia leo hailipi sarafu. Njia hiyo ya pili ndiyo iliyoitwa kusimamisha malipo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba benki iliyosimamisha malipo haikulazimika kufunga milango. Makarani waliendelea kukaa mezani, wakopaji waliendelea kudaiwa, na riba iliendelea kuhesabiwa. Kilichosimama ni upande mmoja tu wa daftari, yaani ule ambao benki yenyewe ndiyo mdaiwa.

Tarehe 10 Mei 1837 benki za jiji la New York, isipokuwa chache mno, zilisimamisha malipo kwa pamoja. Sababu zilikuwa zimejikusanya kwa muda. Bei ya pamba ilikuwa imeanguka. Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa imepandisha riba yake mwaka 1836, na wafanyabiashara wa London wakaanza kudai fedha zao kutoka Marekani. Waraka wa serikali ya Rais Andrew Jackson, uliotolewa Julai 1836, ulitaka ardhi ya umma inunuliwe kwa dhahabu na fedha, hivyo sarafu zikavutwa kuelekea magharibi wakati zilipohitajika mashariki. Habari za New York zilipoenea, benki za miji mingine zilifuata ndani ya siku chache. Sarafu ndogo zilitoweka madukani, na watu wakawa wanarudishiana chenji kwa vipande vya karatasi vilivyotolewa na wenye maduka na kwa vibati vya shaba visivyo vya serikali.

Sasa tuitazame sheria. Katika jimbo la New York, benki iliyokataa kulipa noti zake ilijiweka katika hatari ya kupoteza hati yake. Sheria hiyo haikuwa na utata. Ilitungwa makusudi kwa ajili ya siku kama ile. Lakini haikupita hata wiki moja. Tarehe 16 Mei 1837 bunge la jimbo lilipitisha sheria mpya iliyozipa benki mwaka mzima bila adhabu hiyo. Tafakari kasi hiyo, ndugu msomaji. Wengi wetu tumewahi kusubiri miezi kwa ajili ya sahihi moja katika ofisi ya umma. Bunge la New York lilihitaji siku 6 kuzisamehe benki kosa ambalo sheria yake lenyewe ililikataza.

Mwaka ulipokwisha, mwezi Mei 1838, benki za New York zilirejesha malipo ya sarafu. Philadelphia ilisitasita. Huko alikuwapo Nicholas Biddle, mkuu wa iliyokuwa Benki ya Marekani, ambayo baada ya hati yake ya taifa kwisha mwaka 1836 iliendelea kwa hati ya jimbo la Pennsylvania. Biddle alipinga haraka ya kurejesha malipo, na wakati huo huo benki yake ilikuwa imezama katika biashara ya kununua pamba kwa matumaini kwamba bei ingepanda. Benki za Philadelphia zilirejesha malipo Agosti 1838, zikasimamisha tena Oktoba 1839, na Februari 1841 benki ile iliyokuwa kubwa kuliko zote nchini ilifunga na haikufungua tena. Kumbe muda uliotolewa mwaka 1837 ulikuwa tiba kwa baadhi ya benki, na kwa nyingine ulikuwa pazia la kufichia kidonda. Aliyekuwa nje, mwenye noti mkononi, hakuwa na njia ya kujua ipi ni ipi.

Je, wadaiwa wengine walipewa nini katika miaka hiyo? Mkulima aliyekopa kununua ardhi hakupewa mwaka wa kupumua na bunge kwa kasi ile. Katika baadhi ya majimbo mtu bado aliweza kufungwa jela kwa deni. Sheria ya shirikisho iliyowawezesha watu wa kawaida kuomba kutangazwa muflisi na kuanza upya ilipatikana mwaka 1841, miaka minne baada ya benki kupata nafuu yao, na ilifutwa mwaka 1843. Maelfu kwa maelfu walikuwa wameikimbilia, nayo ikaondolewa kwa hoja kwamba inawadhulumu wadai.

Na chini ya mkulima alikuwapo mtu ambaye sheria haikumtambua hata kuwa mdaiwa. Katika majimbo ya kusini, mikopo mingi ya mashamba ya pamba na miwa iliwekewa dhamana ya binadamu. Mwenye shamba aliposhindwa kulipa, dhamana ilikamatwa na kuuzwa: mama upande huu, mtoto upande ule. Hili halihitaji kukisiwa. Mwaka 2005 benki ya JPMorgan Chase ilikiri hadharani kwamba benki mbili za Louisiana zilizokuja kuwa sehemu yake zilipokea watumwa wapatao 13,000 kuwa dhamana ya mikopo, kati ya mwaka 1831 na 1865, na kwamba zilimiliki wapatao 1,250 kati yao baada ya wakopaji kushindwa kulipa. Benki ilipokosa fedha, ilipewa muda. Mkopaji wa benki alipokosa fedha, familia ya mtu mwingine ilipelekwa mnadani.

Msomaji wa pwani yetu asidhani kwamba habari hizi ziko mbali kabisa naye. Konseli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, aliwasili Unguja mwezi Machi 1837, miezi miwili kabla ya benki za New York kusimamisha malipo. Alikuja kwa sababu ya biashara iliyokuwa imeshika kasi, na bidhaa iliyotawala biashara hiyo ilikuwa kitambaa cha pamba kilichofumwa katika viwanda vya kaskazini mwa Marekani. Babu zetu walikiita merikani. Pamba yake ilichumwa na mikono ya watu ambao, katika daftari za benki za kusini, waliandikwa kama mali ya kushikia deni.

Hata hivyo, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na leo nitawapa haki hata wenye benki. Kusimamisha malipo hakukuwa wizi kila mara. Wachumi hutofautisha benki muflisi na benki iliyokosa taslimu. Ya kwanza ina madeni makubwa kuliko mali yake. Hata ukiipa miaka kumi haitalipa. Ya pili ina mali ya kutosha, lakini mali hiyo iko katika mikopo ambayo haijaiva. Ukiilazimisha ilipe leo, itaiuza kwa bei ya kutupa na kuanguka, na itaanguka pamoja na majirani zake. Kwa benki ya namna ya pili, muda ni dawa halali.

Mwaka 1857 ulilionyesha hilo vizuri. Tarehe 24 Agosti kampuni ya Ohio Life Insurance and Trust ilianguka kwa sababu ya mambo yaliyofanyika katika ofisi yake ya New York. Mnamo tarehe 12 Septemba meli Central America, iliyobeba shehena kubwa ya dhahabu ya California, ilizama katika dhoruba pamoja na watu zaidi ya 400. Hofu ikapanda, na tarehe 13 Oktoba benki za New York zikasimamisha malipo. Safari hii bunge halikuwa na la kufanya, kwa kuwa katiba ya jimbo ya mwaka 1846 ilikuwa imelikataza kabisa kutunga sheria ya kuhalalisha usimamishaji. Majaji ndio waliookoa jahazi: waliona kwamba kukosa kulipa sarafu, peke yake, si ushahidi kwamba benki ni muflisi. Katikati ya Desemba malipo yalikuwa yamerejea. Hukumu hiyo, kwa maoni yangu, ilikuwa ya busara. Tatizo ni kwamba busara hiyo haikushuka ngazi. Fundi aliyesimamishwa kazi msimu ule naye hakuwa muflisi; alikosa taslimu. Hapakuwa na jaji aliyekaa kutofautisha hali yake na ya mtu asiyetaka kulipa.

Nimefika kwenye mwaka ambao unanisumbua kuliko yote. Tarehe 18 Septemba 1873 kampuni ya Jay Cooke, iliyokuwa imejifunga na reli ya Northern Pacific, ilianguka. Siku mbili baadaye soko la hisa la New York lilifungwa, likabaki limefungwa kwa siku 10. Malipo ya dhahabu yalikuwa yamesimama tangu mwisho wa mwaka 1861 kwa sababu ya vita, na yasingerejea hadi Januari 1879. Kwa hiyo kilichokuwa adimu safari hii kilikuwa hata noti za karatasi za serikali. Benki za New York zilikuwa na chama chao cha kulinganisha hundi kilichoanzishwa mwaka 1853. Kupitia chama hicho ziliunganisha akiba zao, zikatoa vyeti vya mkopo vya kulipana zenyewe kwa zenyewe, na zikapunguza malipo ya taslimu kwa wateja. Ni utaratibu wa werevu: aliye na nguvu alimbeba aliyelegea, na baada ya wiki chache mambo yalirejea.

Huko Washington kulikuwa na benki nyingine. Freedman's Savings Bank ilipewa hati na Bunge la Marekani Machi 1865 kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Wafuaji nguo, askari waliolipwa malimbikizo yao, wakulima wadogo na vyama vya kuzikana vilipeleka akiba zao huko, na wengi waliamini kwamba serikali yenyewe ilisimama nyuma yake. Mwanzoni sheria iliitaka iweke sehemu kubwa ya fedha katika dhamana za serikali. Mwaka 1870 sheria ililegezwa ili iweze kukopesha kwa rehani ya ardhi na nyumba. Mwenyekiti wa kamati yake ya fedha alikuwa Henry Cooke, ndugu wa Jay Cooke. Sina haja ya kueleza zaidi fedha zilikwenda upande gani.

Machi 1874, benki ikiwa imekwisha kuoza ndani, alichaguliwa rais mpya: Frederick Douglass, mtu aliyeheshimiwa kuliko Mwamerika mweusi yeyote wa wakati ule. Aliweka dola 10,000 zake mwenyewe kuonyesha imani. Alipogundua hali halisi, aliwaeleza wabunge ukweli. Benki ilifungwa mwishoni mwa Juni 1874. Waweka amana walikuwa 61,144, na walidai karibu dola milioni 3. Gawanya, utapata wastani wa chini ya dola 50 kwa mtu. Haikusimamisha malipo kwa wiki sita ikafungua tena. Ilikufa. Baada ya miaka kadhaa, wale waliofuatilia walilipwa kwa awamu takriban senti 62 kwa kila dola. Wengi hawakupata hata senti. Bunge lililoipa hati, na lililolegeza masharti yake, halikufidia hasara hiyo, ingawa Douglass na wengine waliliomba.

Wapo watakaosema kwamba ulinganisho huu si wa haki: benki za New York zilikosa taslimu, ilhali Freedman's ilikuwa muflisi, na muda usingeisaidia. Ni kweli, na hoja hiyo sitaikwepa. Lakini tuulize ilifikaje huko. Waliokopeshwa fedha zake walipewa muda. Wasimamizi wake walipewa muda wa kutosha kuficha. Serikali ilijipa muda wa kutokagua kwa ukali. Kila mtu katika mnyororo ule alipewa muda, isipokuwa mfuaji nguo aliyesimama mlangoni na kitabu chake cha akiba. Kufikia siku ya hukumu, muda wote ulikuwa umekwisha kutumiwa na wengine, kwa gharama yake.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Katika taharuki zote hizi, kilichogawiwa kwa hakika kilikuwa muda. Dhahabu haikuwatosha wote, na muda nao haukuwatosha wote. Anayesogeza tarehe ya deni moja husogeza mzigo wake kwenye bega la mdai. Kwa hiyo muda ambao dola humpa mdaiwa ni ruzuku inayotoka mfukoni mwa mtu mwingine. Ruzuku hiyo inaweza kuwa halali, lakini lazima iwe na masharti, na lazima anayeigharimia ajulikane.

Wamarekani wenyewe waliwahi kuonyesha kwamba masharti yanawezekana. Huko Indiana, Benki ya Jimbo iliyoanzishwa mwaka 1834 ilikuwa na matawi yaliyodhaminiana: tawi moja likianguka, mengine yalilipa madeni yake. Matokeo yake, kila tawi lilimchunga mwenzake kwa jicho kali kuliko mkaguzi yeyote. Benki hiyo ilisimamisha malipo mwaka 1837 kama wengine, lakini mwaka 1857, wakati New York ilipofunga mikono, yenyewe iliendelea kulipa. Mwaka 1893, mamia ya benki yalipofunga milango na benki za New York kubana tena taslimu mwezi Agosti, ofisi ya Mdhibiti wa Sarafu iliruhusu benki za kitaifa zilizofunga kufungua tena iwapo zilionekana kuwa nzima na mtaji wake umerekebishwa. Nazo sheria za benki hizo ziliweka jukumu kwa wenye hisa: benki ikifilisika, kila mmoja aliweza kudaiwa nyongeza hadi kufikia thamani iliyoandikwa kwenye hisa zake. Benki nyingi zilifungua. Hapo muda ulikuwa na bei, na angalau sehemu ya bei hiyo ilipangwa kulipwa na wenye benki.

Lakini mweka amana mdogo alisubiri zaidi. Taharuki ya 1907 ilizaa benki kuu mwaka 1913, na benki kuu ilikuwa kwanza dawa ya benki. Bima ya amana ya shirikisho ilikuja kwa sheria ya mwaka 1933, ikaanza kazi Januari 1934 kwa kiwango cha dola 2,500. Tangu mfuaji nguo wa 1874 afungiwe mlango, ilikuwa imepita miaka 60.

Leo Tanzania ina Bodi ya Bima ya Amana, na Kenya ina taasisi yake ya kazi hiyo. Ni urithi mzuri wa mateso ya watu wengine. Lakini kuwapo kwa bodi hakuondoi maswali. Kwa wasomaji wangu mlio katika ofisi za umma, na kwa vijana mtakaozirithi ofisi hizo, naomba kila benki inapowekwa chini ya usimamizi au kupewa nafuu, muulize mambo matatu, na myaulize kwa maandishi. La kwanza: benki hii imekosa taslimu au ni muflisi, na nani amekagua? La pili: wakati inapewa muda, wenye hisa na wakubwa wake wanatoa nini? La tatu: wakopaji wake wadogo na waweka amana wake wadogo wanapewa muda uleule, au wao wanasubiri wakati simu zao zinaita kudai marejesho?

Kwa mwanafunzi wangu, jibu ni hili. Benki iliyoshindwa kulipa inaitwa mdaiwa, kama wewe. Tofauti ni kwamba mwaka 1837 yeye alikuwa na bunge lililoweza kumtungia sheria ndani ya siku 6, nawe huna. Ahadi ni deni kwa wote wawili. Ukija kuwa hakimu, mbunge au ofisa wa wizara, utakutana na mdaiwa wa aina zote mbili mezani kwako, na faili la mkubwa litakuwa juu. Soma pia la chini kabla hujasaini.